Sumu Isiyouma

Kusi lilikuwa kali, na mvuvi kijana wa Kigombe, kijiji cha pwani kati ya Tanga na Pangani, alikuwa akirudi na madema matupu. Asubuhi moja akaopoa dema akakuta bunju wawili wamejivimbisha. Baba yake mdogo, aliyeshika kasia nyuma ya mtumbwi, akamwambia, "Watupe hao, mwanangu. Bunju si kitoweo."

"Ba'mdogo, nyumbani hamna kitu. Nitawachuna, nitatoa matumbo, nitawachemsha mpaka walainike."

Maini na mayai aliyaona yamenona, akajiwekea mwenyewe, akayala. Watoto walikuwa wameshashiba muhogo kwa bibi yao, na hiyo ndiyo iliyokuwa salama yao.

Kabla ya isha midomo ikaanza kumchonyota, kisha ikafa ganzi. Ganzi ikahamia ulimini, ikashuka vidoleni. Mkewe akamuuliza kama anaumwa. "Siumwi popote," akajibu, na kwa kuwa haumwi akajinyoosha mkekani. Alipoanza kutapika, miguu ilikuwa haimbebi tena. Majirani wakamletea maziwa. Yakamrudi puani, maana koo lilikuwa halimezi. Akili yake ilikuwa timamu. Aliwasikia wakimwita, akamsikia mzee mmoja akianza kumsomea Yasini, naye hawezi hata kufumbua jicho. Pumzi ilimkatikia njiani, gari halijafika hospitali.

Kisa hiki nimekiunda kiwe mfano, lakini dalili zake zote ni za kweli, na wapo waliokufa hivyo. Mwaka 1967 jarida la East African Medical Journal lilichapisha taarifa ya mvuvi wa Zanzibar aliyeuawa na sumu ya bunju.

Sumu hiyo huitwa tetrodotoksini, jina ililopewa na Mjapani Yoshizumi Tahara mwaka 1909. Mwaka 1964 Toshio Narahashi na wenzake wakaonyesha inavyofanya kazi. Kwenye utando wa kila neva mna milango midogo ya sodiamu, madini yaleyale yaliyomo katika chumvi ya mezani. Milango hiyo hufunguka kwa muda unaokaribia sehemu moja ya elfu ya sekunde, sodiamu huingia, umeme huzaliwa, na habari husonga mbele. Kwa njia hiyo maumivu hupanda kwenda ubongoni, na kwa njia hiyo hiyo amri ya ubongo hushuka kwenye misuli. Tetrodotoksini huziba milango hiyo kwa nje. Basi mtu haumwi, na kifua chake hakipati amri ya kuvuta hewa. Moyo huendelea kupiga kwa muda, kwa sababu milango yake ina umbo tofauti kidogo na haizibiki kwa urahisi. Ubongoni nako sumu haiingii kwa wepesi. Ndiyo maana mgonjwa husikia kila kitu. Bunju mwenyewe hadhuriki, kwa kuwa milango yake imeumbika namna ambayo sumu haishiki.

Kijana wetu alikosea mara mbili. Kwanza aliuamini moto. Kuchemsha, kukaanga au kutia chumvi hakuivunji sumu hii. Hukaa zaidi katika maini, mayai, matumbo na ngozi, lakini kwa baadhi ya aina za bunju hata nyama ina sumu. Pili, na hili ndilo lililomuua, alipima hatari kwa maumivu. Maumivu ni mlinzi, na sumu hii humnyamazisha mlinzi kwanza. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno hufunga milango hiyohiyo ya sodiamu, ila kwa kipimo, mahali padogo na kwa muda mfupi. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza juu ya familia za kaskazini mwa Pakistani zenye watoto waliozaliwa na aina moja ya mlango huo isiyofanya kazi. Hawakujua maumivu ni nini. Mvulana aliyewavuta wanasayansi hao kwenye utafiti huo alikuwa akitembea juu ya makaa ya moto na kujichoma visu mbele ya watu. Akafa angali mtoto, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Asiyeumwa si lazima awe mzima.

Wala si maskini tu wanaoponzwa. Septemba 1774, huko New Caledonia, nahodha James Cook na wataalamu wake wawili walionja maini na mayai ya samaki wa jamii hii. Usiku viungo vikafa ganzi, hata chungu kilichojaa maji na unyoya vikawa na uzito mmoja mkononi mwa Cook. Wao walipona, nguruwe aliyekula matumbo alikutwa amekufa. Baadaye wenyeji walipopanda melini na kumwona samaki ananing'inia, wakaashiria mara moja kwamba haliwi. Wenyeji wa bahari wanajua. Baba mdogo naye alijua.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Tanga, Pangani na Mkinga, bunju akiingia demani arudi baharini, asitupwe ufukweni watoto na paka wakamwokota. Dawa ya kuiondoa sumu yake haipo. Kinachookoa ni kumpumulisha mgonjwa mpaka sumu imtoke, na wengi wanaovuka saa 24 hupona. Asinyweshwe maziwa wala dafu koo likiwa halimezi. Akiacha kupumua, apulizwe pumzi mdomoni bila kukoma hadi hospitali, na asemeshwe kwa upole, kwani anasikia. Na midomo ikifa ganzi baada ya kula samaki, usingoje kuumwa: ondoka ungali unaweza kutembea.