Baada ya Mugumo

Wangari Maathai alisimulia kwamba utotoni mwake, huko Ihithe, Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo mkubwa uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Miaka ikapita, mti ukakatwa, mahali pake pakapandwa chai, na kijito kilichokuwa jirani kikakauka. Maathai, mwanabiolojia aliyesomeshwa na watawa wa Kikatoliki, hakuhitaji muujiza kueleza jambo hilo: mizizi ya mugumo huzama hadi kwenye mwamba, huupasua, na kuyapa maji ya chini njia ya kupanda.

Huukumbuka mti huo kila nisikiapo kwamba Ukristo ulitukomboa tusiabudu miti. Ni kweli, ulitukomboa. Anayemkiri Muumba mmoja hawezi kukubali kwamba mti ni Mungu, wala sitaki fundisho hilo lilegezwe. Lakini tulipokwisha kusema mti si Mungu, tulirukia kusema mti si kitu, na hili la pili halikutokana na la kwanza. Hofu ya wazee, hata kama ilikosea juu ya Mungu, ililinda maji. Sisi tulioiondoa tumeweka nini mahali pake?

Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliulaumu Ukristo wa Magharibi kwa sababu hiyohiyo: uliwatoa roho mitini, na mti usio na roho ukawa mali ya yeyote mwenye shoka. Jibu la makanisa limekuwa uwakili: dunia ni ya Mungu, sisi ni watunzaji. Jibu hilo ni zuri, lakini kwangu halitoshi, maana wakili anaweza kuihesabu mali ya bwana wake kwa faida peke yake. Sura ya kwanza ya Mwanzo inakwenda mbali zaidi. Mimea inaonwa kuwa ni njema siku ya tatu. Samaki na ndege wanabarikiwa siku ya tano. Mtu bado hajaumbwa, hakuna anayekula wala anayeuza. Wema wa kiumbe, basi, umetangulia matumizi yetu. Mti hauhitaji kukaliwa na roho, wala kupangiwa bei sokoni, ndipo uwe na thamani.

Hapo ndipo sala zetu zinaponihuzunisha. Pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na Februari 2023 Wakenya walikusanyika Nakuru kuiombea nchi. Julai mwaka huohuo serikali ikatangaza kuondoa marufuku ya ukataji miti iliyowekwa mwaka 2018. Ilieleza kwamba itakayovunwa ni miti ya kupandwa iliyokomaa, na kwamba vijana wanahitaji kazi. Hoja hizo si za kupuuzwa. Ninachouliza ni jinsi moyo uleule unavyoweza kuomba mvua bila kuuliza mvua inahitaji nini kwetu.

Wapo watakaosema Afrika inatoa sehemu ndogo mno ya hewa ukaa duniani, na kwamba wa kutubu ni matajiri. Nakubali deni lao ni kubwa kuliko letu, tena nataka lidaiwe kwa sauti. Zakayo hakuishia kumkaribisha Bwana nyumbani. Aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Toba isiyogusa mfuko haimfai mfugaji wa Turkana aliyepoteza ng'ombe wake.

Lakini kipimo cha Zakayo kinatuhusu nasi pia, kila mtu kwa kiasi cha alichochukua. Parokia inayotangaza siku ya kuombea mvua iulize siku hiyohiyo kuni za jiko la shule yake zinatoka msitu gani, shamba la kanisa lililo kando ya mto limelimwa hadi wapi, na mbao za dari jipya zilikatwa kwa kibali cha nani. Majibu yasomwe mbele ya waumini, pamoja na matangazo ya ndoa na hesabu ya sadaka.