Mzigo wa Mwenzio

Mtu na mkewe wakiamua kusafiri mbali kwa baiskeli, ugomvi wa kwanza hauwi wa njia. Huwa wa mzigo. Hema libebwe na nani? Sufuria na jiko vifungwe kwenye keria ya nani? Maji je, ambayo ndiyo mazito kuliko vyote na ndiyo hayaachiki? Wanadhani wanabishana juu ya kilo, kumbe wameshika swali ambalo wanafalsafa wamelizungusha kwa zaidi ya miaka 2,000: kugawana kwa haki ni kugawanaje?

Tuwaweke wawili hao Korogwe, karibu na Mto Pangani, wakiwa na baiskeli mbili na kilo 30 za vitu. Mbele yao kuna kilomita 65 za lami hadi Handeni, kisha 54 nyingine hadi Mkata, na baada ya hapo njia za vumbi na mchanga za kuingia vijiji vya Mazingara. Hii ni nchi ya Wazigua, nchi kavu. Ni kwa sababu ya ukavu huo maji ya Pangani yalivutwa kwa mabomba kutoka Korogwe kupelekwa Handeni. Tuseme mume ana uzito wa kilo 80 na mke kilo 55, na wote wawili ni wazima.

Jibu la kwanza ni la mizani: kumi na tano kwako, kumi na tano kwangu. Lina uzuri wake, kwani halina upendeleo wala maneno mengi. Lakini kilo 15 hazifiki hata moja ya tano ya uzito wa mume, na zinazidi robo ya uzito wa mke. Mizani imewapa namba moja na kuwatwisha mizigo miwili tofauti. Aristotle aliliona jambo hili katika kitabu chake cha maadili alipomtaja Milo, mpiga mieleka mashuhuri wa Kroton. Ikiwa chakula cha ratili kumi ni kingi mno na cha ratili mbili ni kidogo mno, mwalimu wa mazoezi hawezi kuamua kwamba basi kila mtu apewe ratili sita. Kwa Milo sita hazitoshi. Kwa anayeanza mazoezi zinazidi. Katikati ya hesabu si katikati ya watu.

Jibu la pili, basi, ni la pumzi: tugawane hivi kwamba tukienda mwendo mmoja, wote tuheme sawa. Linaonekana kuwa la haki zaidi, na kwa kilomita nyingi za lami litafanya kazi. Hapo ndipo linapodanganya. Baiskeli ikishashika mwendo kwenye barabara iliyo tambarare, anayeendesha hupambana zaidi na upepo kuliko na uzito. Kilo tano za ziada hazimsumbui sana. Mlima ukianza, kila kilo inadai chake. Mchanga ni mbaya zaidi: tairi la mbele linayumba, la nyuma linazama, na mwenye mzigo mkubwa anashuka kusukuma huku mwenzake akiendelea kukanyaga pedali. Mgao uliokuwa wa haki saa mbili asubuhi umekuwa dhuluma saa sita mchana, na hakuna aliyeugusa. Tambarare nzuri huficha nani amebeba nini.

Tena pumzi haina shahidi. Kilo zinaonwa na wote wawili kwenye mizani, lakini uchovu anaujua mwenye kuchoka peke yake. Wahenga walilimaliza hilo kwa maneno machache: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa kwangu ni mawe, wa kwako ni usufi, hata kama tumeufunga pamoja asubuhi hii kwa mpira uleule wa tyubu kuukuu.

Kwa nini basi watu walibuni mizani, ikiwa hailingani na miili yao? Jibu lilipita katika bonde hilohilo la Pangani katika karne ya 19, vichwani na mabegani mwa wapagazi wa misafara iliyotoka pwani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo kilichozoeleka, kama farasila mbili, zaidi ya kilo 30. Hakuna aliyeuliza kama mpagazi huyu ni mnene au mwembamba. Kipimo kilikuwepo kwa sababu kati ya mwenye mali na mwenye kubeba palikuwa na ujira, na penye ujira kila mmoja hutaka kujua mpaka uko wapi. Hadi leo mkulima wa mahindi anapokutana na mnunuzi mwenye gunia la lumbesa, lile lililoongezewa kilemba juu ya mdomo wake, kinachomlinda ni mizani. Ndiyo maana serikali imepiga marufuku lumbesa mara kwa mara na kutaka mazao yauzwe kwa kilo. Mizani ni haki ya watu wasiojuana.

Mtu angesema: hao ni wafanyabiashara, lakini mume na mke wanajuana na wanapendana, waitupe mizani. Mimi sisemi hivyo. Palipo na mapenzi na hapana kipimo, ndipo lumbesa inapostawi kimyakimya. Tazama dumu la lita 20 katika vijiji vya ukame. Likiwa kichwani mwa mwanamke, ni kilo 20 zisizo na bei. Ni maji ya nyumbani tu. Madumu manne yakifungwa kwenye baiskeli ya Phoenix ya kijana wa kiume, mawili kila upande, yanakuwa biashara, na kila moja lina bei. Maji ni yaleyale na kisima ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba mzigo mmoja umehesabiwa na mwingine umeitwa wajibu.

Safari ya baiskeli nayo ina lumbesa yake. Kuna anayekumbuka kwamba solusheni ya kuzibia pancha imekauka. Kuna anayeomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji ili wapige hema penye usalama, anayeamkia wazee, anayeketi na mama mwenye mji kumenya mihogo huku mwenzake amejinyoosha chini ya mwembe. Kuna anayekaa nyuma saa nzima akisikiliza malori na kupiga kengele mwenzake asogee pembeni. Hakuna kati ya hayo linalowekwa kwenye mizani, na yote yanachosha.

Uwanda huu una kumbukumbu ya jaribio kubwa la swali hilihili. Mwaka 1962 Nyerere alieleza ujamaa kwa kuanzia kwenye familia: watu wanaofanya kazi pamoja na kugawana bila kunyonyana. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Handeni ikawa miongoni mwa maeneo ambako wazo hilo lilivishwa majembe na mashamba ya pamoja. Lakini kijiji si mtu na mkewe. Shamba la pamoja lilihitaji daftari la mahudhurio: nani amekuja, nani amekosa, apewe kiasi gani. Daftari liliandika siku, halikuandika jasho. Aliyelima kwa nguvu na aliyeegemea mpini waliweza kuandikiwa alama moja. Kijiji kilikuwa kikubwa mno kwa watu kuaminiana kwa neno la mdomo, na kilitakiwa kiwe na undugu mno kwa watu kudaiana kama sokoni. Hata hivyo Azimio lenyewe lilithubutu kupima lumbesa moja: lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, na likawauliza wanaume wao hufanya ngapi. Kulisema jambo hilo hadharani kulikuwa ni kulipakua gunia mbele za watu.

Wapo waliojaribu njia nyingine, ya kupokezana. Wamarekani Fanny Bullock Workman na mumewe William, daktari aliyestaafu, walizunguka Algeria, Hispania na nyanda za India kwa baiskeli katika miaka ya 1890, na kitabu chao cha 1904 kinataja maili 14,000 za safari ya India. Baadaye walipogeukia milima ya Himalaya na Karakoram, walibadilishana zamu: mwaka huu mmoja apange safari na mwingine ashike kazi ya sayansi, mwaka ujao wageuze. Hekima iko hapo. Anayejua kwamba kesho mzigo huo utakuwa wake hauiti usufi. Lakini watoto wao walilelewa na watu wengine. Usawa wa wawili unaweza kunyooka vizuri sana kwa sababu umekalia mgongo wa mtu wa tatu, na anayesifu ndoa za namna hiyo hana budi kumtafuta huyo wa tatu alipo.

Linabaki jibu ambalo mwenye nguvu hulipenda kuliko yote: nipe mimi vyote. Wale wawili wetu wa Korogwe sasa wako katika mchanga wa Mazingara, jua liko utosini, mke ameshuka anasukuma.

“Mama watoto, lete hilo begi.”

“Acha, baba. Nikishindwa nitasema.”

Mume anaweza kuona kwamba amekataliwa wema. Naona mke ameelewa jambo zito kuliko yeye. Akibebewa kila kitu leo, na kesho, na keshokutwa, atafika mwisho wa njia bila jasho, lakini safari itakuwa ya nani? Mwenye kubeba ndiye atakayeanza kusema tupumzike wapi, tulale wapi, turudi lini. Asiyebeba hana safari, ana lifti. Mzigo ni adhabu, ndiyo, lakini pia ni hisa.

Kwa hiyo kipimo ninachokitafuta kina kingo mbili. Kila mmoja abebe kiasi kinachomfanya mwenye safari, na asibebe kiasi kinachomnyima safari yenyewe, yaani akaona tairi la mbele tu na asiione nchi. Kati ya kingo hizo mizani inasaidia kuanza, na pumzi inasaidia kusahihisha. Kisha yanahitajika mambo mawili yasiyofungika kwenye keria: mmoja aseme kweli kwamba amechoka bila kuona haya, na mwingine ashuke, afungue kamba na kupanga upya bila kuandika deni.

Siku itafika mmoja hataweza kubeba hata mswaki. Malaria haiulizi nani ana zamu. Mwenye afya atabeba vyote, na hapo kipimo changu kinaonekana kuvunjika, kwa kuwa mgonjwa hana kilo hata moja ya kuonyesha hisa yake. Havunjiki mtu wala kipimo kama mgonjwa bado anaulizwa: twende mbele, tukae hapa, au tutafute gari la kurudi Handeni? Mwenzake akilijibu swali hilo kwa niaba yake, hata kwa huruma, amemgeuza kuwa furushi moja zaidi. Vitu vyote vinaweza kuhamia kwenye keria ya mwenzako. Uamuzi ubaki umegawanywa kwa wawili, hata siku ambayo mmoja wao anaubeba akiwa amelala.