Mwenye Umeme Ni Mto

Wajukuu zangu wa Tarime na Serengeti, juzi mura mmoja aliniuliza kwa nini sisi wazee taa ikiwaka huitazama kwanza kabla ya kuendelea na mazungumzo. Alikuwa na haraka, nikamjibu kwa ufupi. Leo nataka kumjibu vizuri, na wenzake wasikie.

Ujana wangu niliumalizia kwenye mashine ya kusaga, Nyamwaga. Ilikuwa injini ya dizeli yenye mkanda mrefu, na bomba la moshi limetokeza juu ya bati. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, kisha vita vya Kagera vikatuletea ukata wa mafuta. Pipa la dizeli nililifuata Musoma, nikakaa huko siku tatu, na mara nyingine nikarudi mikono mitupu. Kina mama waliokuwa wamepanga foleni tangu alfajiri na ulezi wao, na mtama na muhogo, wakabeba mizigo yao kurudi kwenye jiwe la kusagia. Niliwatazama wakiondoka na sikuwa na la kuwaambia. Tangu hapo najua kuwa anayetegemea mafuta ya kuletewa hata ugali wake unamngoja mtu asiyemjua.

TANESCO nayo imeipita njia hiyo kwa ukubwa wa taifa. Siku hizi mnasikia kwamba inahama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye nishati safi, kama vile ni safari mpya. Shirika hili kwa miaka mingi lilitegemea zaidi maji: Hale mwaka 1964, Nyumba ya Mungu, Kidatu ya megawati 204, Mtera, Pangani, hadi Kihansi mwaka 2000. Kilicholitoa kwenye maji ni ukame. Mabwawa yalishuka miaka ya tisini, yakashuka tena mwaka 2006, na tena 2011, na kila yaliposhuka nchi ilikimbilia mitambo ya mafuta na gesi kwa haraka ya mtu aliyeunguliwa na nyumba. Mwenye haraka hapatani bei. Ule mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, uliozaliwa na giza la 2006, ulimtoa Waziri Mkuu madarakani Februari 2008.

Sasa tumerudi kwenye maji. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulitiwa saini Desemba 2018, bwawa likaanza kujazwa Desemba 2022, na Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi. Mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikamilika, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Jua nalo limeingia hesabuni, kule Kishapu mkoani Shinyanga. Gesi bado inachomwa Ubungo na Kinyerezi, na mimi siipingi, maana mwenye ghala moja hulala macho.

Wengine nao wamehama mafuta: Denmark kuna kampuni iliyoitwa DONG, jina lililotokana na mafuta na gesi. Mwaka 2017 iliuza visima vyake, ikajiita Ørsted, na leo inaishi zaidi kwa upepo wa baharini. Nawapongeza. Lakini upepo wa baharini haumuulizi mtu kama amekata mti. Maji yetu yanauliza.

Muulizeni Ruaha Mkuu. Mto ule ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, masika na kiangazi. Kuanzia 1993 ukawa unakatika kila kiangazi, kwa kuwa maji yalichukuliwa juu, Usangu, na mashamba ya mpunga na mifugo. Nao ndio unaolisha Mtera na Kidatu kabla ya kwenda kuungana na Rufiji. Waliolima Usangu hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alichepusha kamfereji kadogo tu, ka kutosha watoto wake. Hako kamfereji kadogo ndiko kanakoninyima usingizi.

Najua mtasema: babu, umeme wetu hautoki Mto Mara. Kweli. Ila tazameni jambo lenyewe lilivyo. Ili taa iwake Mugumu, kuna mkulima wa Kilombero au Usangu anayeambiwa asogeze jembe lake mbali na mto, na mfugaji anayeambiwa ahamishe ng'ombe. Wanatufanyia hayo watu wasiotujua. Nasi tuna mto wetu, unaotoka Mau, ukapita katikati ya nyumbu wa Serengeti, hadi ziwani kule Kirumi. Kila Septemba 15 tunaadhimisha Siku ya Mara pamoja na Wakenya, ngoma zinapigwa, kisha kesho yake mtu wa kwetu anafyeka matete mpaka ukingoni. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli zetu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tutamwambia nini yule wa Usangu?

Kuhusu kazi za umeme sitawachosha. Mashine za kusaga sasa ni za mota, basi jifunzeni kuzisuka upya mota zikiungua, mjifunze kutandaza nyaya na kufunga sola, binti na mvulana sawasawa. Atakayekushawishi uichezee mita ya Luku au ukate waya wa shaba, usiketi naye. Na ukishaunganishiwa umeme, anza kupunguza gunia la mkaa jikoni, hata kwa nusu.

Nina deni langu mwenyewe. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilipanda mikaratusi kuizunguka chemchemi yetu, kwa tamaa ya nguzo na mbao. Ilikua haraka, na maji yakarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, hadi kina mama wakawa wanateka kwa kikombe. Mwaka jana niliikata. Visiki bado vipo.

Jumamosi, kabla umande haujakauka, nitakuwa pale. Kamba ya mita 60 nimeshaipima, na miche ya mikuyu ipo 40. Njooni na majembe, na mmoja wenu abebe sululu, maana mizizi ya visiki vile imekwenda mbali.