Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumika zaidi kwa kumsuta mgeni aliyekaa hata akachosha. Lakini mwenye kuitafakari kwa utulivu ataona kuwa mna maana nyingine ndani yake, iliyo njema kuliko ile ya masuto. Kwa siku mbili mgeni hulishwa, hutandikiwa, huulizwa hali yake. Wala hapewi neno la kuamua, wala kazi ya kushika. Hiyo ni heshima, lakini ni heshima ya kumweka mtu ukumbini. Siku ya tatu, anapokabidhiwa jembe, amekwisha kuingizwa ndani. Sasa ana tuta lake shambani, na asipoonekana asubuhi ataulizwa yuko wapi. Jembe hilo halikumfanya mtumwa, limemfanya mwenyeji.

Hapo ndipo linapozuka swali lililo zito. Mtu aliyeugua akili, akapotelewa na nafsi yake kwa miezi au kwa miaka, anaporudi kwa jamaa zake apewe nini? Apewe mapumziko, au apewe jembe? Na akipewa jembe, kwa kipimo gani itajulikana kwamba amepewa dawa, wala hakutiwa katika utumishi kwa jina la dawa?

Swali hili lina elimu yake. Katika hospitali za Tanzania elimu hiyo huitwa tiba kwa vitendo, na wako waiitao tiba ya kazi. Msingi wake ni mwepesi kuueleza, si mwepesi kuutekeleza. Vidonge huweza kuzituliza sauti zinazomsumbua mtu, au kuupunguza uzito wa sonona, na hapana shaka wengi wasingesimama bila ya vidonge hivyo. Lakini hakuna kidonge kimfundishacho mtu tena kuamka alfajiri, kuoga, kwenda sokoni na kuhesabu chenji, kukaa barazani na kungoja zamu yake ya kusema. Mambo hayo huondoka taratibu kwa kuachwa, na hurudi taratibu kwa kutendwa.

Kwa hiyo mtaalamu wa fani hii haanzi kwa kuuliza maradhi tu, bali huuliza pia maisha: mtu huyu alikuwa akifanya nini kabla ya kuugua, alikipenda nini, nani walikuwa wakimtegemea? Kisha hulichukua tendo moja na kulivunja katika hatua zake. Mithili ya mwanamke aliyekuwa msusi wa mikeka. Kuna kuchana miyaa, kuna kuitia rangi, kuna kusuka ukili, kuna kuushona ukili ubavu kwa ubavu hata utokee mkeka. Ambaye akili yake haijatulia hawezi kubeba kazi yote hiyo. Lakini huenda akaweza kuchana miyaa kwa robo saa, akiwa amekaa na wenzake. Juma lijalo ataweza nusu saa. Baadaye ataanza ukili wa rangi moja, kisha wa rangi mbili, ambao humlazimu kuhesabu na kukumbuka. Mkeka utakapokwisha, zaidi ya mkeka patakuwa na mtu aliyeona kwa macho yake kwamba jambo alilolianza limefika mwisho. Kwa aliyekuwa hamalizi hata sentensi, hilo si jambo dogo.

Elimu hii ina historia. Mwaka 1793 Philippe Pinel aliwekwa kuwa daktari wa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Bicêtre, Paris, zama ambazo wagonjwa kama hao walifungwa minyororo. Naye katika maandishi yake aliisifu hospitali ya Zaragoza, Uhispania, ambako wagonjwa walilima. Mwaka 1796 William Tuke, mfanyabiashara wa chai mjini York, Uingereza, alifungua nyumba ambayo wagonjwa walitendewa kwa upole, wakapewa bustani na kazi za mikono. Mwaka 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, watu wachache walikutana wakaunda chama cha kwanza cha fani hii nchini Marekani. Na mwaka 1922 Adolf Meyer, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha Baltimore, alichapisha hoja ambayo hata leo ndiyo roho ya elimu hii: kwamba afya ya akili ni mwendo wenye mizani, kazi na mchezo, mapumziko na usingizi, na kwamba mizani hiyo hushikwa kwa kuishi, haishikwi kwa kuhubiriwa.

Wapenzi wa ushairi hawatakuwa wageni wa hoja ya Meyer. Wanajua kuwa mizani haiwi mpaka ihesabiwe, na kuwa kina hakipatikani kwa kukitamani. Wala watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa kwamba siku ina vipande vyake. Adhana huigawa siku mara tano. Maji hujaa na kupwa. Mvuvi na mlima mwani hawaendi pwani kwa saa ya ukutani bali kwa bamvua. Aliyeugua ni kama aliyetoka nje ya mizani hiyo: usiku kwake ni mchana, na Jumatatu haina tofauti na Ijumaa. Kumrejesha ni kumrejesha katika wakati.

Ama jina la tiba ya kazi lina mtego, na mtego wenyewe ni katika neno kazi. Huenda neno shughuli likafaa zaidi. Mwambao huu shughuli ni jambo lolote linalomshika mtu, na papo hapo shughuli ni harusi. Husemwa, leo kwa fulani kuna shughuli, na kila mtu akajua kuwa kuna sufuria jikoni, kuna ubani, na kuna watu wanaotazamiwa kufika. Ndani ya neno hili moja mna kazi na furaha, jasho na jamaa. Hata kitenzi kutunga kina upana kama huo: hutungwa asumini, hutungwa samaki, hutungwa shairi. Lugha yenyewe imekwisha kukataa kuitenga kazi ya mkono na kazi ya moyo.

Umuhimu wa tofauti hiyo huonekana kazi inapoharibika. Milimani Usambara, pahala paitwapo Lutindi, wamisheni wa Kijerumani walijenga nyumba mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba hiyo iligeuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili, na kazi za shamba na za karakana zikawa ndizo sifa yake. Wenye kuzijua karafuu na historia yake hawawezi kuisikia habari hii bila ya kutulia kidogo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897. Mwambao huu unajua kuwa jembe lile lile, katika udongo ule ule, huweza kuwa riziki ya mmoja na minyororo ya mwengine. Jembe halisemi ni lipi kati ya hayo mawili. Lisemalo ni jinsi lilivyotiwa mkononi.

Ushahidi hautoki pwani hii peke yake. Katika hospitali kubwa za serikali huko Marekani, kwa miongo mingi, wagonjwa walilima, walipika, walifua na kusafisha wodi bila ya ujira, au kwa ujira usiostahiki kuitwa hivyo. Na yote hayo yakaitwa tiba. Hatari yake ilikuwa wazi: mgonjwa aliye hodari wa kufua akawa ni hasara kumruhusu aende kwao. Mwaka 1973 mahakama ya shirikisho, katika kesi iitwayo Souder dhidi ya Brennan, iliamua kwamba mgonjwa afanyaye kazi yenye kuifaa hospitali ni mfanyakazi, na sheria ya ujira inamhusu. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini hospitali nyingi hazikuchagua kulipa. Zilichagua kuifuta kazi. Na wale waliokuwa wakidhulumiwa kwa kazi wakaachwa wakae mbele ya televisheni toka asubuhi hata jioni.

Basi hapa ndipo pazito pa suala hili. Dhulma ina milango miwili, na mtu huweza kuukimbia mmoja akaingia kwa mwengine. Mlango wa kwanza ni kumtumia mgonjwa. Mlango wa pili ni kumwacha mikono mitupu. Na huu wa pili ni mgumu kuutambua, kwa sababu umepambwa kwa huruma. Mwache apumzike. Usimtume, asije akachoka. Usimpe fedha, atazipoteza. Usimshauri kuhusu harusi ya mdogo wake, asije akataharuki. Kila neno katika haya limesemwa kwa mapenzi. Yakikusanywa, yanakuwa hukumu: mtu huyu hatazamiwi tena kufanya lolote. Amekuwa mgeni wa siku mbili katika nyumba aliyozaliwa, na siku ya tatu haifiki.

Wako watakaopinga, na pingamizi lao lina nguvu. Watasema kuwa hoja hii inaipima thamani ya mtu kwa kazi yake. Je, yule ambaye maradhi yake hayatampa ruhusa ya kuchana hata jani moja la miyaa, yeye ana thamani pungufu? Hasha. Na lau tiba kwa vitendo ingekuwa na maana hiyo, ingestahiki kukataliwa. Jawabu limo katika ada za mwambao wenyewe. Msiba unapotokea, majirani huja wakakaa. Wako wanaopika na wanaochota maji, lakini wako wengi ambao hukaa tu juu ya mkeka, kimya, tasbihi mkononi. Hakuna awezaye kusema kuwa hao hawakufanya kitu. Wameshika msiba. Kukaa kwao ni kitendo, kwa sababu pana mahali palipowekwa kwa ajili yao, na lau wasingekuja wangeulizwa. Thamani haikuletwa na kitu kilichotengenezwa. Imeletwa na nafasi ambayo mtu anayo kati ya watu. Mgonjwa asiyeweza kulima huweza kuwa ndiye anayeijua saa ya kuwapa kuku chakula, au ndiye anayeulizwa kama chumvi imetosha. Kinachotafutwa ni nafasi. Uzalishaji huja baadaye, au hauji.

Hili ndilo aliloliona Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria, pale mwaka 1954 alipoanzisha utaratibu wake huko Aro, karibu na Abeokuta. Wagonjwa hawakufungiwa wodini. Walikaa katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja pamoja na jamaa yake, wakapata dawa za hospitali huku wakiishi maisha ya kijiji. Dawa hazikudharauliwa, wala kijiji hakikudharauliwa. Mgonjwa hakuondolewa kwa watu ili aje arudishwe siku moja. Alitibiwa akiwa kati ya watu.

Kwa hiyo vipimo vya jembe la haki vinaweza kutajwa, navyo ni vitatu. Cha kwanza, mwenye kulishika awe amelitaka, na awe na ruhusa ya kuliweka chini. Kazi isiyoweza kukataliwa si tiba. Cha pili, faida yake imfikie: kama mkeka umeuzwa, fedha iingie mkononi mwake, si mkononi mwa mlezi wake wala wa taasisi. Cha tatu, na hiki ndicho kisahaulikacho zaidi, awepo mtu anayemngoja. Kazi ya karakana ambayo hakuna aitakaye, inayofumwa leo ili ifumuliwe kesho, haimrejeshi mtu popote. Na mgonjwa hutambua upesi kuwa amepewa kitu cha kumpotezea wakati.

Sheria za dunia zimekaribia kuyasema haya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unawahusu pia wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, na unawapa haki ya kufanya kazi waliyoichagua na haki ya kutolazimishwa kazi. Haki hizo mbili zimewekwa katika kifungu kimoja, na si bure: kila moja bila ya nyenziwe ni hatari.

Lakini mkataba hauwezi kumngoja mtu barazani. Mtaalamu wa hospitali huweza kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kusuka ukili. Hawezi kumpatia jirani atakayesema, mkeka wangu uko wapi, mbona umechelewa? Sehemu hiyo ya tiba iko nje ya hospitali, katika jiko, shamba, msikiti na kikundi cha taarabu. Imo mikononi mwa watu ambao hadi leo hulitamka jina la Mirembe au la Kidongo Chekundu kwa kicheko, wakasahau kuwa kila anayetoka huko anarudi katika mtaa wa mtu fulani. Mtaa huo ndio utakaoamua kama atabaki mgeni. Na kuamua kwenyewe hakuhitaji elimu kubwa: kunahitaji kumtuma dukani, kumngoja arudi, na kuipokea chenji bila ya kuihesabu mbele yake.