Haki ya Mwenye Nyumba na Haki ya Mpangaji

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya haya:

Tumeletewa suali na ndugu yetu mmoja akaaye Kericho, na lilipokwisha kusomwa katika darasa letu tuliona kuwa jawabu lake si la mtu mmoja, bali ni la wengi katika sisi watu wa pwani. Kwani ni nyumba ngapi katika miji yetu zisizokuwa na chumba cha kupangisha? Ni wajane wangapi, na mayatima wangapi, ambao chakula chao hutoka katika kodi ya vyumba viwili vya uani? Basi msomaji asidhani kuwa twasema mambo ya bara yasiyomhusu.

Ndugu huyu ana vyumba kumi, na kila chumba ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyote vikilipwa ni shilingi 25,000, na kwa aisikiaye kwa mbali huonekana kuwa ni mali nyingi. Lakini katika kodi hiyo hulisha watu wa nyumba yake, na watoto watatu wa ndugu yake aliyefariki. Miongoni mwa wapangaji wake yuko mchuma chai mmoja, mwenye mke na watoto, naye si Muislamu. Mtu huyu kazi yake ilikatika, akatoka katika nyumba ya shamba aliyokuwa amepewa, akaja kupanga mjini. Miezi ya mwanzo alilipa kwa kazi za kibarua. Sasa ana deni la miezi mitatu, nayo ni shilingi 7,500. Wenye nyumba wengine wamemshauri ndugu yetu atie kufuli yake mlangoni, au ang'oe mabati mawili ya paa, na mtu atatoka mwenyewe. Auliza: Je, jambo hili lafaa? Na kama halifai, yeye mayatima wale atawalisha nini?

Kabla ya kujibu, yafaa tuieleze nchi yenyewe. Kericho na Bomet ni nchi ya chai. Makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda mashamba makubwa huko katika miaka ya 1920, juu ya ardhi waliyoondolewa wenyeji wake, na malalamiko ya jambo hilo hayajesha mpaka leo. Kando ya mashamba hayo wako wakulima wadogo, ambao tangu 1964 majani yao yamekuwa yakikusanywa na kusagwa katika viwanda vya shirika la chai la wakulima. Hawa hulipwa kidogo kila mwezi kwa uzani wa majani, kisha mara moja kwa mwaka, karibu na mwezi wa Oktoba, hupata malipo ya pili ambayo watu wote huyaita bonasi. Ama mfanya kazi wa shamba kubwa, yeye hukaa katika nyumba ya kampuni; basi kazi yake na nyumba yake ni kitu kimoja, na ikimtoka moja zimemtoka zote mbili. Zilipokuja mashine za kuchumia chai, mashine moja ikafanya kazi ya mikono mingi, hasira za watu zilizidi hata mashine zikachomwa moto huko Kericho mwezi wa Mei 2023. Kuharibu mali ya mtu ni haramu, na hilo hatulitetei. Lakini mwenye akili hutazama pia machozi yaliyotangulia moto.

Sasa tuje kwenye jawabu. Kwanza, kupangisha nyumba ni chumo la halali, halina shaka. Wanazuoni wetu wamelitia katika mlango wa ijara, nao ni mlango mkubwa katika vitabu vya fiqhi. Mwenye kujenga chumba kwa mali safi akamsitiri mtu na mvua na baridi, kisha akala kodi yake, amekula kilicho chake. Na akinuia kheri, tuna matumaini kuwa kila usiku mpangaji wake alalao salama huandikiwa yeye thawabu.

Lakini ijara ni mapatano ya pande mbili, na wengi wetu tumeshika upande mmoja tu, upande wa kupokea. Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Minhaj ambacho husomwa katika madrasa zetu, ameeleza kuwa kumkabidhi mpangaji ufunguo ni wajibu wa mwenye nyumba, na kuitengeneza nyumba ni juu yake pia. Asipoitengeneza, mpangaji ana hiari ya kuyavunja mapatano. Hata theluji iliyoanguka juu ya dari, kuiondoa ni juu ya mwenye nyumba. Huenda mwanafunzi wa pwani akacheka asomapo mas'ala ya theluji, kwani hajapata kuiona. Lakini Kericho ni nchi mashuhuri kwa mvua ya mawe. Mawe hayo huyapiga mabati mpaka yakatoboka, na maji yakaingia juu ya kitanda cha mtoto. Basi mas'ala ya Imamu hayo hapo! Mwenye nyumba asemaye, "Nitaliziba paa ukishalipa," ameyageuza mambo. Paa ni deni lake yeye, kama kodi ilivyo deni la mpangaji.

Ama kutia kufuli mlangoni, au kung'oa mabati, au kumkatia mtu maji ili atoke, jawabu letu ni kwamba haifai. Maadamu mapatano yapo, manfaa ya chumba kile ni milki ya mpangaji, na mwenye kumzuilia amemghusubu. Na vyombo vyake na godoro lake si mali ya mwenye nyumba kwa kuwa tu viko ndani ya nyumba yake. Kula mali ya mtu kwa batili kumekatazwa wazi katika Suratul Baqara, na katazo hilo halikubagua baina ya Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Sheria ya nchi nayo ina baraza lake la kuamua kesi za nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya mwezi haipiti shilingi 2,500, na vyumba vya ndugu yetu vimo katika mpaka huo. Anayo njia ya haki. Kwa nini aende njia ya nguvu?

Kisha litazamwe deni lenyewe. Wadaiwa ni namna mbili. Yuko aliye nacho na asitake kulipa, huyu Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuchelewesha kwake ni dhuluma. Tumesikia habari za wapangaji wapokeao mshahara, wakanunua simu mpya na nguo za sikukuu, na mwenye nyumba akibisha hodi hujificha ndani kimya. Enyi ndugu, dawa ya deni ni kulipa, si kuzima taa! Mtu huyu ashitakiwe, na mwenye nyumba hana lawama. Na yuko asiyekuwa nacho kwa kweli. Huyu Mwenyezi Mungu ameamrisha, katika Suratul Baqara hiyo hiyo, apewe muda mpaka afarijike, na akaeleza kuwa kusamehe ni bora zaidi kwa anayejua. Mchuma chai aliyekatikiwa na kazi ni katika hawa wa pili, mpaka idhihirike vingine.

Huenda mtu akasema: "Masheikh mwajua kuhurumia kwa mali za wenzenu. Je, mayatima wale hawahurumiwi?" Neno hili lina haki ndani yake, wala hatulikimbii. Muda uliotajwa ni wa deni lililokwisha kupita. Haukumlazimisha mwenye nyumba kuendelea kupangisha bure milele. Mapatano yao ni ya mwezi kwa mwezi. Basi inafaa ampe ilani mapema, kwa maandishi na kwa maneno mazuri, ya kwamba mapatano yatakoma mwisho wa mwezi fulani. Ilani ikiisha na mpangaji asitoke, mambo yapelekwe barazani. Mkono wa mwenye nyumba usiguse mlango. Na lile deni la shilingi 7,500 liandikwe, na mashahidi wawepo, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni, lilipwe kidogo kidogo apatapo kazi. Na lililo bora kuliko hilo ni kutafuta sulhu: mtu yule ana mikono, na vyumba kumi havikosi ukuta wa kupakwa chokaa wala mfereji wa kuchimbwa. Apewe kazi hiyo kwa ujira unaojulikana, na ujira upunguzwe katika deni kwa ridhaa yake. Kwa njia hiyo mayatima hawatadhulumika, wala mtoto wa mchuma chai hatalala nje katika baridi ya Kericho.

Hapa tuonye juu ya hila moja. Baadhi ya wenye nyumba husema: "Nitamsamehe deni lake, na nilihesabu kuwa ndiyo zaka yangu." Kauli iliyo sahihi katika madhhabu yetu ni kwamba hilo halitoshi kuwa zaka, na zaidi, mpangaji huyu si Muislamu, naye zaka ya faradhi hapewi. Akimsamehe, basi ni sadaka, na sadaka kwa jirani wa dini yoyote ina thawabu. Ama zaka yenyewe, haimo katika kuta za nyumba ya kupangisha. Imo katika fedha ya kodi iliyowekwa ikafika nisabu na ikapitiwa na mwaka. Hapo katika kila shilingi 1,000 hutolewa 25. Na asichanganye zaka na kodi ya serikali, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba za kukaa, kwa anayepata zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka. Ndugu yetu, vyumba vyake vikilipwa vyote, hupata 300,000. Basi yampasa kulipa 22,500. Hiyo haiangushi zaka, wala zaka haiangushi hiyo.

Yamebaki mambo matatu ambayo twawausia wenye nyumba wote. La kwanza, msingoje msimu wa bonasi mkaipandisha kodi ghafula kwa sababu mwajua watu wana fedha. Kodi ipandishwe kwa ilani na kwa kiasi. La pili, msimpangishe mtu chumba mkijua atapikia chang'aa ndani yake, hata akilipa maradufu, kwani hiyo ni kusaidiana katika dhambi. La tatu, msimtoe mpangaji kwa kabila lake. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, katika nchi ile ile ya chai na kwengineko, watu walifukuzwa katika nyumba walizozilipia kodi, kwa sababu ya jina na lugha tu. Jibril alimuusia Mtume wetu juu ya jirani, akazidi kumuusia, hata Mtume akadhani kuwa jirani atarithishwa. Basi vipi jirani ambaye ukuta wake ni ukuta wako?

Na sisi watu wa Mombasa tuna la kuzingatia zaidi. Wengi wetu nyumba ni yetu, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine, na kila mwezi twamlipa. Asubuhi sisi ni wenye nyumba, twabisha mlango wa mpangaji. Jioni sisi ni wapangaji, na mwenye ardhi abisha mlango wetu. Wallahi, hakuna mwalimu bora kuliko huyu. Kila tunalolichukia kwa mwenye ardhi, na tuliache kwa mpangaji wetu.

Jawabu letu kwa ndugu wa Kericho kwa ufupi ni hili: kufuli usitie, paa litengeneze, deni liandike, ilani itoe ukiihitaji, na mlango wa sulhu uwe wa mwanzo kuufungua. Na jamaa wa msikiti walioko huko wasimwachie yeye peke yake mzigo wa mayatima; hao ni amana ya Waislamu wote.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atutoe katika dhuluma za waja wake kabla ya siku ambayo shilingi haitafaa kitu, na atukalishe sote katika nyumba ambayo haina kodi wala haina kuhama. Amin.