Ua Lililogeuzwa na Rula

Palikuwa na mwanafunzi mmoja, mwepesi wa kompyuta na mvivu wa jiometri. Alipewa vipimo vya maua ya iris, vile alivyovichapisha Ronald Fisher mwaka 1936, akaambiwa atenge aina mbili, setosa na versicolor, kwa urefu na upana wa petali tu. Akaikabidhi kazi hiyo mashine ya vekta egemezi ya mstari mnyoofu.

Mashine hii hairidhiki na mstari wowote unaotenga. Husaka ule unaoacha mwanya mpana kabisa pande zote mbili. Kati ya maua 100, mawili tu ndiyo yaliyoamua: setosa mwenye petali ya sentimita 1.9 kwa 0.4, na versicolor wa 3.0 kwa 1.1. Hayo ndiyo bikoni za shamba; yale 98 mengine ungeyang'oa na mpaka usingesogea. Uzito wa urefu ukatoka 1.294, wa upana 0.824: unazidisha kila kipimo kwa uzito wake, unajumlisha, kisha unatoa 3.788. Jibu likiwa chini ya sifuri ni setosa, likizidi ni versicolor.

Angeishia hapo angesalimika. Lakini milimita zilimpendeza, akabadili safu ya urefu peke yake. Upana akauacha kwa sentimita. Uzito mpya: 0.18 na 0.01. "Upana hauna kazi," akawatangazia wenzake, akaifuta safu yake.

Mwalimu hakubishana. Akamwandikia ua la urefu wa sentimita 2.5, upana 0.5. "Kwa mpaka wako wa kwanza ni nani huyu?"

"Setosa, mwalimu."

"Na wa pili?"

Kijana akapiga hesabu, akairudia. Versicolor.

Mwanya hupimwa kwa umbali wa kwenye grafu, na grafu haijui sentimita wala milimita. Alipouvuta mhimili wa urefu mara 10, mpaka uligeuka ukakaribia kusimama wima, sauti ya upana ikamezwa. Wazoefu husawazisha safu zote kwanza. Wavivu hukumbuka baadaye.

"Na lile jibu la mpaka wa kwanza, -0.14, ni asilimia 14?" kijana akauliza.

"Siyo uwezekano hata kidogo. Bikoni ya setosa iko kwenye -1, ya versicolor kwenye 1. Ua lako limeangukia katikati, ambako hakuna hata moja kati ya yale 100."

"Basi ni setosa au siyo?"

"Mashine imesema setosa kwa kuwa haikuruhusiwa kunyamaza," mwalimu akajibu, akamtuma akairudishe ile safu aliyoifuta.