Nani Anataka Susu Akumbuke?

Ukikaa mtandaoni kidogo tu Nairobi hii, utauziwa ubongo mpya. Kuna vidonge, kuna unga wa majani fulani, kuna jamaa wa mazoezi anayeapa kwamba ukikimbia kila asubuhi utaotesha seli mpya za ubongo na hutasahau kitu tena. Si ajabu tunavutika. Tumesomeshwa kwa kukremu. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, lakini hadi leo naweza kukutajia sehemu za ua kwa mpangilio ule ule wa shule ya msingi. Kwetu sisi kukumbuka ni kupita, kusahau ni kufeli.

Sayansi yenyewe si porojo. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mtu mzima hapati seli mpya za ubongo. Ulizo nazo ndizo hizo, zikifa zimekufa. Miaka ya 1960 Joseph Altman, huko Marekani, alionyesha seli mpya kwenye ubongo wa panya waliokomaa, na wengi wakampuuza. Mwaka 1998 kikundi cha Peter Eriksson na Fred Gage kikaziona kwa binadamu, ndani ya hipokampasi, sehemu inayoshika kumbukumbu mpya. Mwaka 2018 timu moja ilizitafuta kwa watu wazima ikakosa, na nyingine mwaka huo huo ikazipata hata kwa wazee. Mjadala haujaisha. Kwa panya, lakini, mambo yako wazi: mpe gurudumu la kukimbilia, na seli zinaongezeka.

Sasa hapa ndipo watu wa vidonge hunyamaza. Mwaka 2014, maabara ya Paul Frankland na Sheena Josselyn kule Toronto ilichapisha utafiti. Panya walifunzwa kuogopa kizimba fulani kwa kupigwa shoti ndogo ya umeme. Baadaye baadhi yao wakapewa gurudumu, wakakimbia kwa wiki kadhaa. Waliokimbia ndio waliosahau zaidi. Seli mpya zilipojiunga na zile za zamani, zilivuruga miunganisho iliyokuwa imeshika ile hofu. Watafiti hao wanaona hii huenda ni sababu moja hatukumbuki utoto wetu wa kwanza, kwa kuwa ubongo mchanga huzalisha seli kwa kasi. Kwa hivyo seli mpya si rafu tupu ya kuongezea vitabu. Ni mpangaji mpya kwenye ploti iliyojaa. Akiingia na kitanda chake, kuna mtu atasogezwa.

Ningeisoma kama stori ya panya tu, kama si Susu.

Susu ni mama mzaa mama, yuko Kitui, amevuka themanini. Njaa ya 1984 anakusimulia hadi bei ya mahindi. Lakini kifo cha mjomba, kifungua mimba wake, hakikai kichwani. Anauliza, "Huyu kijana anakuja lini?" Ukimwambia ukweli, analia kama siku ile ya kwanza. Kesho anauliza tena. Mama mdogo husema dawa ya kumwotesha seli ikitokea, yeye atauza ng'ombe. Binamu yangu alimjibu siku moja, "Ili alie bila kupumzika?" Meza nzima ikanyamaza.

John Mbiti, msomi wetu wa Ukambani, aliandika mwaka 1969 kuhusu Sasa na Zamani. Kwa maelezo yake, marehemu hubaki ndani ya Sasa maadamu kuna walio hai waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Wakiisha hao, anazama Zamani. Nikiichukua hivyo, kumbukumbu si mali ya kichwa kimoja. Mjomba hayuko hatarini kwa sababu Susu amesahau kwamba alikufa. Atakuwa hatarini siku sisi wengine tutakapoacha kumtaja.

Hapo ndipo nimefika kwa hili swali la dawa. Wengi huuliza kama itafanya kazi. Mimi nauliza ni nani anaitaka. Mwajiri anataka nikumbuke zaidi ili nizalishe zaidi. Mtihani unataka nikumbuke hadi Ijumaa. Na Mama mdogo, nilipomuuliza polepole tukiosha vyombo, alisema, "Nataka tu ajue jina langu." Hilo si dhambi. Hata mimi nalitaka. Lakini hamu ya kukumbukwa hainipi haki ya kupanga upya kichwa cha mtu mwingine, hasa mtu ambaye akikubali asubuhi, jioni amesahau kwamba alikubali.

Utaniambia kuna wagonjwa wanaoomba dawa wenyewe, wakijua wanachopoteza. Sawa, hao wapewe ikipatikana. Anayeomba kwa kinywa chake anajua bei. Shida yangu ni sisi tunaoomba kwa niaba, halafu tunaita hamu yetu huruma.

Siku hizi Susu akiuliza kijana anakuja lini, hatumdanganyi kwamba yuko njiani, na hatukimbilii kumtangazia msiba. Tunamwambia, "Susu, hebu tuambie alikuwa mtoto wa aina gani." Anacheka, anaanza. Mjomba mwenye miaka saba, mbuzi wa jirani, na fimbo iliyomvunjikia. Mama mdogo anarekodi kwa simu. Akitaka kujua kama amekufa, tutamjibu.